Kikapu cha Mdomo wa Tomi

Juzi jirani yangu aliloweka ukindu kwenye beseni, akaliacha beseni mlangoni pangu kwa kuwa kwake hakuna kivuli. Basi, kazi ikaishia hapo. Ugali niliokuwa nikiusonga ukashika sufuria, ukaungua, na mimi nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, napumua tu. Mume wangu akatoka mbio akidhani nyumba inawaka. "We Kadzo, una nini leo?" Nikamwambia ni harufu. Akanusa huku, akanusa kule, akasema yeye hasikii harufu ila ya ugali ulioungua. Wanaume wengine pua wamepewa pambo tu.

Ukindu mkavu hauna neno. Ukishaloweshwa ndipo unapoamka, ukatoa harufu ya majani na vumbi na chai ya rangi iliyopoa. Ninyi wa rika langu mliolelewa Likoni, Kisauni au Changamwe mnaijua. Kwenu labda ni harufu ya mikeka ya nyanya zenu. Kwangu mimi ni harufu ya mdomo wa mbwa, na ni harufu ya mwaka ule ambao mama yangu alikufa bila mimi kuambiwa.

Tulikuwa tukikaa Kiembeni, baba, mama, mimi na Tomi. Tomi alikuwa mbwa wa mama. Alimwokota mtaroni akiwa mdogo, hajui hata kusimama, akamlea kwa uji. Akakua akawa mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala. Mama alifanya kazi ya usiku ya udobi kwenye hoteli moja ya ufuoni, na kurudi kwake ni alfajiri, adhana ikiwa hewani. Kabla sisi hatujasikia hatua zake, Tomi alikuwa keshajua. Alikaa kitako mlangoni, akatazama juu, akalia. Hakuwa akibweka, alikuwa akilia kwa sauti ndefu inayopanda. Na kutoka barabarani mama alikuwa akijibu kwa mluzi. Mimi kitandani nilikuwa nikisikia hayo mawili, kilio na mluzi, kisha nalala tena, maana mambo yote yako sawa.

Halafu mama akaugua. Akapelekwa hospitali, akakaa. Siku moja watu wengi wakaja nyumbani, wanawake wamejifunga leso viunoni, wakapanda gari kwenda Kaloleni kwa wazazi wa mama. Mimi nikaachwa kwa mwenye duka, nikapewa soda. Soda nzima, peke yangu, bila kuambiwa nimwachie mtu! Baba aliporudi na macho mekundu nikamuuliza mama yuko wapi. Akasema, "Yuko kwao, kwa bibi yako. Anapumzika. Akipata nguvu atakuja." Nikaridhika. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimekunywa soda nzima.

Haukupita muda tukahama. Baba alisema chumba cha Kiembeni kina joto mno. Tukavuka feri na kitanda, sufuria na Tomi, tukaenda kupanga Bofu, kwenye chumba chenye joto kushinda kile. Wakati wa kufungasha nilimuuliza kama mama anajua tunakohamia. Baba akasema anajua. Lakini alisema huku akifunga kamba ya mzigo ambayo ilikwisha kufungwa, na mimi sikumwamini hata kidogo. Nikajiambia, haidhuru, Tomi yupo. Tomi atamwita.

Na kweli, alfajiri ya kwanza Bofu, Tomi alikaa kitako uani, akatazama juu, akalia. Nikatega sikio kungoja mluzi. Sikuusikia, lakini sikuvunjika moyo. Kaloleni ni mbali, nilijua. Lazima alie siku nyingi kidogo.

Nyumba ile ilikuwa ya Bi Mwanakombo, Mdigo wa pale pale. Ilikuwa nyumba ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye choo, kisima na jiko la kuni. Sisi tulikuwa wapangaji wa chumba cha mwisho. Bi Mwanakombo alikuwa amefiwa na mumewe siku chache kabla hatujafika, akawa yumo edani. Mimi mtoto wa Kigiriama mambo ya eda ningeyajulia wapi? Niliona mama mtu mzima hatoki nje, hapaki wanja, hajitii manukato, nguo zake ni zile zile za mjane, na baba akirudi kazini yeye anaingia chumbani na kushusha pazia. Nikadhani amefungwa. Nikadhani amefanya kosa, na mwanawe Hamisi ndiye askari wake, kwa vile Hamisi alikuwa na sauti kubwa na funguo nyingi.

Sasa tazameni balaa lilivyokuja. Bi Mwanakombo hana ruhusa ya kutoka, pumzi yake ni pale uani. Tomi naye hana pengine pa kukaa ila pale uani. Na Tomi alikuwa mbwa wa kulamba. Wallahi sijapata kuona mbwa mwenye ulimi mrefu vile. Alilamba miguu, alilamba sufuria, alilamba ukuta. Adhuhuri moja Bi ametoka kutawadha, miguu inadondoka maji, anaelekea kwenye mswala wake, Tomi akamfuata taratibu na kumlamba kisigino.

Bi hakupiga kelele. Alisimama, akavuta pumzi, akarudi kisimani. Akachota mchanga, akajisugua, akajimiminia maji, tena na tena, kama dini yake ilivyomwamuru kwa mate ya mbwa. Kisha akatawadha upya tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, na nilichoelewa ni kwamba anatuona sisi wachafu. Nilimchukia siku ile.

Hamisi akapandisha hasira. "Mama, nyumba ya eda hii! Arobaini ya mzee inakuja, ua utajaa wasomaji, na mbwa analambalamba watu? Huyu akilamba kitu kimoja tena, nampeleka jaani mwenyewe."

"Mbwa hana kosa, Hamisi," Bi akasema. "Mate yake ndiyo yenye kesi. Akiwa mkavu na mimi mkavu, hatudhuriani. Vyenye maji ni pua hii na ulimi huu basi. Tuvifunike."

"Utavifunika na nini?"

"Kwani mimi mikono yangu imekatwa?"

Jioni ile ile akaloweka ukindu. Alikuwa msusi wa mikeka, vidole vyake vilijua njia hata akitazama kwingine. Akaniita. "Ewe mtoto, jina lako nani?" Nikasema Kadzo, bila hata kumwamkia. Akasubiri. Nikasema shikamoo. "Marahaba. Mlete mwenzio nimpime mdomo." Sikuwa na la kufanya. Nikamshika Tomi, na Bi akapima kwa jicho kutoka mbali, akaanza kusuka kikapu kidogo, chembamba mbele, kipana nyuma, chenye kamba za kufungia kisogoni.

Mimi nilikuwa na swali moja tu, na lilikuwa linanichoma. Tomi akifungwa mdomo, mama akipita barabarani itakuwaje? Nikauliza, "Ataweza kunusa?"

Bi akanitazama. Akadhani labda namwonea mbwa huruma. Akaifumua ile safu aliyoisuka, akaanza tena kwa kuachanisha, ikawa na matundu makubwa. "Nimemwekea madirisha," akasema. "Atanusa mpaka Ukunda."

Basi tukaanza kumfunza. Siku ya kwanza mimi nilimkamata Tomi shingo nikataka kumvika kwa nguvu, akanichomoka, akakinyakua kile kikapu na kwenda kukitafuna nyuma ya choo. Akabakisha kamba. Niliogopa nikajua sasa tunafukuzwa. Kutazama, Bi Mwanakombo anacheka. Anacheka mpaka mabega yanatikisika, kisha akaziba mdomo kwa mtandio akatazama mlango wa Hamisi, maana mjane wa juzi huyo. Akaloweka ukindu mwingine.

"Hukumvika wewe, ulimkamata," akaniambia. "Nani anapenda kukamatwa? Weka dagaa ndani, kishike tu. Mwache aingie mwenyewe kwa miguu yake, yaani kwa mdomo wake. Akiingia, soma Bismillahi, kisha kitoe."

"Mimi si Mwislamu, Bi."

"Lo, kweli. Basi soma lenu."

Nililolijua lilikuwa Baba Yetu. Likawa refu mno kwa kuanzia. Tukakubaliana niseme "Baba yetu uliye mbinguni" nikome hapo. Tomi akatia pua, akala dagaa, mimi nikasema haraka haraka, nikakitoa. Kesho yake tukasogea mpaka "ufalme wako uje". Keshokutwa tukafika kwenye mkate wa kila siku, na Bi akasema hapo ni haki yake aongezwe dagaa mmoja. Siku alipokataa, hatukumlazimisha, tulirudi nyuma mpaka "uliye mbinguni" tukaanza upya. Nilipofika Amina mbwa bado ana kikapu mdomoni, nilirukaruka ua mzima. Ndipo tukaanza kufunga kamba kisogoni, na Bi akachukua zamu yake. Akawa anamvisha kwa Alhamdu, kisha kwa sura ndefu kidogo, mpaka mwisho Tomi akaweza kulala na kikapu chake kwa muda wa Yasini nzima, ile ambayo Bi alimsomea marehemu mumewe kila siku.

Siku hiyo ya Yasini, Bi alipofunga msahafu alinyoosha mkono. Mkono mkavu, mgongo mkavu. Akamgusa Tomi mgongoni, kwanza kwa ncha za vidole, halafu kwa kiganja chote, akakiacha pale. Nikaona machozi yanamtiririka. "Mume wangu alikuwa na mgongo wa joto hivi hivi," akasema, akacheka kidogo, akanikataza nisimwambie Hamisi. Chuki yangu sijui ilienda wapi. Nikasogea nikakaa ubavuni pake.

Arobaini ikafika, ua ukajaa kanzu na mikeka, pilau ikapikwa. Tomi akalala pembeni na kikapu chake, kimya, mzee mmoja hata akauliza kama ni mbwa au ni mto. Hamisi mwenyewe akamtupia mfupa baadaye, kwa mbali. Tukawa tumeshinda. Baba alinibeba mabegani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Kiembeni.

Lakini kuanzia hapo Bi akawa anamvisha Tomi kikapu hata alfajiri, kwa kuwa ndio wakati anaotawadha. Na Tomi akivaa kikapu hakuwa akilia. Kikapu hakikumzuia, alihema vizuri na kubweka angeweza. Ila akishakivaa alijilaza, akanyamaza, akamsubiri Bi amalize. Alikuwa amejifunza vizuri mno. Alfajiri ya kwanza nikasema labda amechoka. Alfajiri zikafuatana, kimya. Nikawa naamka kabla ya adhana, nalala nimetoa macho, nangoja kilio ambacho hakiji. Nikamwazia mama amesimama njia panda huko, na begi lake, anageuka huku na huku, haisikii sauti ya kumwonyesha nyumba. Nikaacha kula vizuri. Baba akadhani nina minyoo.

Siku moja nikamfuata Bi kwenye mkeka wake. "Bi, naomba alfajiri usimvalishe."

"Kwa nini, mwanangu? Si amezoea?"

"Ndiyo saa anayomwita mama. Mama hajui kama tumehamia huku. Tomi asipolia atapita."

Vidole vyake vikasimama kwenye ukindu. Tangu nifike nyumba ile sikuwahi kuona vidole vile vimesimama. Akaniuliza polepole, "Mama yako yuko wapi, Kadzo?" Nikamweleza. Kwa bibi, Kaloleni, anapumzika. Nikamweleza siku ya watu wengi na gari, na soda niliyopewa, nzima, na kwamba baba alirudi macho mekundu kwa vumbi la njiani. Nikamweleza mluzi. Bi alinivuta akanilaza kichwa mapajani pake, akawa ananipapasa nywele, na mimi, mjinga mie, nikadhani amekubali.

Baba aliporudi jioni kutoka kibaruani Changamwe, Bi aliingia chumbani na kushusha pazia kama kawaida. Lakini safari hii akaita kutoka ndani. "Baba Kadzo, vuta kibao ukae."

Baba akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nje ya pazia. Mimi nilikuwa karibu na kisima nimemkumbatia Tomi na kikapu chake mdomoni, hakuna aliyenifukuza.

"Mtoto hajaambiwa?"

Baba akatazama chini. "Bado mdogo, Bi. Hataelewa."

"Ataelewa nini zaidi ya hivyo? Kila alfajiri yuko macho anamngoja." Pazia lilikuwa linatikisika kidogo, nadhani alikuwa amelishika. "Mimi mtu mzima, nimeishi na mume wangu mpaka meno yametutoka, nimepewa eda. Nimeambiwa kaa hapa, lia, kazi nyingine huna. Watu wananiletea uji. Huyu mwenye mama mmoja mmempa nini? Soda?"

Baba alijishika uso. Nilisikia sauti ikimtoka ambayo sikuwahi kuisikia, na niliogopa nikambana Tomi mpaka akaguna. Akaja akapiga magoti kwenye udongo wenye maji ya kisima, na suruali yake ya kazi. Akaniambia. Alisema, "Kadzo, mama alikufa. Alifia hospitali. Tulimzika kwao siku ile uliyokaa dukani." Hakuzungusha. Nikamuuliza kama atarudi akipata nguvu. Akasema hapana, hatarudi. Nikamuuliza nani atamwambia Tomi.

Basi nikamwambia mwenyewe. Nilifungua kamba za kisogoni, nikamvua kikapu. Nikainua lile sikio lake lililolala, maana niliona maneno yataingia vizuri zaidi. Nikamwambia, "Tomi, mama amekufa. Usimwite tena." Akanilamba uso mzima, macho, pua, kidevu, chumvi yote. Kutoka nyuma ya pazia nikasikia Bi Mwanakombo analia, na hakujificha. Tulilia wote nyumba nzima ile, na hata Hamisi alikuja mlangoni na funguo zake, akaona, akarudi ndani.

Usiku nililala kwenye mkeka wa Bi. Alisema kama mtoto hana eda yake, atakaa kwenye ya kwake, ni pana, inatosha watu wawili.

Alfajiri nikazinduka. Adhana ilikuwa inaanza. Na kule uani, Tomi akakaa kitako, akatazama juu, akalia. Sauti ile ile ndefu, inayopanda. Nikakusanya midomo nijibu kwa mluzi wa mama, pumzi ikatoka tupu. Mlango wa Hamisi ukafunguka, akatoka na kikapu mkononi. "Mama, nimvalishe?"

Bi alikuwa kisimani, miguu imelowa, ndoo ya maji pembeni. Alimtazama Tomi kitambo.

"Mwache," akasema. "Naye yumo edani."

Kisha akachukua mswala wake, akautandika mbali kidogo na alipokaa mbwa, akasali.